Pima Moja na Shubiri

Kaskazi ya mwaka juzi nilikuwa diko moja kaskazini mwa Unguja, alfajiri, maji yamejaa, boti za jarife ndo zinaingia moja moja. Ya tatu kuingia ilikuwa na jodari kama kumi na mbili hivi, nduaro mmoja, papa wawili watatu, na kule nyuma karibu na mashine, kafunikwa turubai, kulikuwa na mtoto wa pomboo. Mdogo kwelikweli, bado ana ile mistari ya mikunjo ubavuni wanayozaliwa nayo. Kwenye mdomo uzi wa nailoni ulikuwa umekata ngozi mstari juu ya mstari, na kwenye pezi la kushoto kipande cha wavu kilikuwa bado kimenasa, wamekikata kwa kisu maana walishindwa kukichomoa. Nahodha, mzee wa miaka sitini na kitu, aliponiona nimesimama pale hakuficha kitu. "Mwanangu, mama yake huyu kazunguka jarife mpaka tumemaliza kuvuta," akanambia. "Na sie hatukumtaka. Atatufaa nini?"

Toka siku ile jambo hili halijanitoka kichwani, nimesoma nilichoweza kusoma, nimeuliza wavuvi, nimekaa na wanaoshona nyavu, na kinachoniuma zaidi ya yote ni kwamba dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hili ipo, imeshajaribiwa kwenye bahari hii hii yetu ya Hindi, na ni kamba. Kamba ya kawaida inayouzwa dukani. Unalishusha jarife mita mbili chini ya uso wa maji badala ya kuliacha lining'inie kuanzia juu kabisa, basi. Na bado ukienda madiko yetu mengi hakuna aliyewahi kuambiwa.

Kwa asiyejua, jarife ni ule wavu mrefu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya jodari, nguru, nduaro na papa. Jioni unatiwa, juu una maboya, chini una uzito, unasimama kama ukuta ndani ya maji halafu unaachwa uelee usiku kucha na boti imefungwa upande mmoja, wote mnakwenda na mkondo, alfajiri mnavuta. Gizani ule uzi hauonekani. Pomboo anavuta pumzi kama mimi na wewe, anapanda juu kila baada ya dakika chache, na akinasa anapigana, na kadiri anavyopigana ndo anazidi kujifunga, mwisho pumzi inamwishia akiwa karibu kabisa na hewa. Kasa anaweza kukaa chini muda mrefu zaidi lakini naye akihangaika anakufa vilevile. Nguva ndo usiseme, hao wamebaki wachache mno kule Rufiji, Mafia na Kilwa, na kinachowamaliza zaidi ni jarife.

Sasa ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliojumlisha habari za jarife za jodari Bahari ya Hindi nzima, wakakadiria kwamba kati ya 1950 na 2018 wamenaswa pomboo na nyangumi wadogo kama milioni 4.1, na kwamba siku hizi ni kama 80,000 kwa mwaka. Ni makadirio, wenyewe wamesema hivyo, maana nchi nyingi hazihesabu. Lakini hata ukikata nusu bado ni idadi ya kutisha. Kwenye orodha yao nchi 9 zinabeba karibu mzigo wote, ya kwanza ni Iran, kisha Indonesia, India, Sri Lanka, Pakistan, Oman, Yemen, Falme za Kiarabu, na ya tisa ni Tanzania. Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Sisi tumezoea kuona haya ni mambo ya meli za Wazungu na Wachina huko bahari kuu, kumbe na boti zetu za faiba zenye mashine moja zimo kwenye hesabu.

Na kwetu pomboo wenyewe si wengi hivyo. Wale wa Kizimkazi, ambao tangu miaka ya tisini watalii wanapelekwa kuwaona na vijana wengi wa kusini wanalisha familia kwa kazi hiyo, walipohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika 200. Jike anabeba mimba kama mwaka mzima, anazaa mmoja tu, na anapitisha miaka kadhaa mpaka azae tena. Kwa hiyo jarife likichukua wachache tu kila mwaka kwenye kundi kama lile, wanaozaliwa hawawezi kufidia, na watafiti waliofanya kazi Menai, ile ghuba ya huko huko Kizimkazi, walishasema zamani kwamba wanaokufa kwenye nyavu pale ni wengi kuliko kundi linavyoweza kustahimili. Wazee wa Kizimkazi watakumbuka zamani pomboo walikuwa wanawindwa makusudi, nyama inakuwa chambo cha papa. Hiyo iliachwa watu walipoona pomboo akiwa hai analeta pesa. Jarife lenyewe likabaki.

Turudi kwenye kamba.

Pakistan wana jarife nyingi sana za jodari, na kama kwetu, boti hazina nafasi ya kumbeba mtu wa serikali wa kukaa na daftari. Wakafanya kitu ambacho mimi naona ni cha akili: waliwafundisha manahodha wenyewe kuandika. Kila wavu unaotiwa, kina gani, saa ngapi, kimeingia nini, nani kafa, nani katolewa hai. Takwimu zao za 2013 mpaka 2017 zilipolinganishwa, majarife yaliyoshushwa mita mbili yalinasa pomboo pungufu kwa zaidi ya robo tatu ukilinganisha na yale ya juu. Zaidi ya robo tatu, kwa kurefusha kamba za maboya. Jodari je? Baadhi ya aina walipungua kiasi, nasema hili wazi kwa sababu mvuvi ukimdanganya mara moja hatakusikiliza tena, lakini kilichopungua kwa samaki hakikaribii kabisa kilichopungua kwa pomboo. Na sababu yake inaeleweka hata bila kusoma, pomboo akiwa safarini au akipumzika anakaa kwenye maji ya juu juu, jodari yeye anapita huku na huku mpaka chini, ukiacha lile tabaka la juu wazi umemfungulia pomboo njia na jodari bado unakutana naye.

Piga hesabu ya kamba uone. Tuseme jarife lina mita 500 na boya kubwa kila mita 10, hayo ni maboya 50, kila moja liongezewe mita 2, unapata mita 100 za kamba. Unapunguza na vile viboya vidogo vya juu ili wavu ukubali kuzama. Ni kazi ya mchana mmoja kwa watu wawili wanaojua kushona. Ukilinganisha na petroli ya safari moja, kamba si gharama ya kumzuia mtu.

Kama ni hivyo, mbona haifanyiki?

Jibu la haraka ambalo watu wengi wanalo ni kwamba wavuvi hawana elimu. Mimi silikubali hata kidogo. Kaa na baharia wa jarife nusu saa atakwambia mkondo wa usiku, mwezi, bamvua na maji mafu, rangi ya maji, ndege wanarukaje, vitu ambavyo mwenye digrii hana. Tatizo liko kwenye mgao. Boti ikirudi, kwanza inatolewa petroli, barafu, chakula, halafu kinachobaki kinagawanywa, fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, hayo yote yanakwenda kwa tajiri, yaani mwenye boti, na fungu la mabaharia wanagawana wao kwa wao. Siku samaki hawakutosha gharama, baharia anarudi nyumbani mikono mitupu na tajiri anaandika deni. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia abadilishe utegaji, na mwezi wa kwanza jodari wakapungua hata kidogo, atakayekosa unga ni yeye, wala hatakuwa mtafiti au waziri. Kwake kuendelea na anachokijua ndo akili. Kwa hiyo mpango wowote wa kupunguza vifo vya pomboo na kasa ambao haujajibu swali la nani anabeba hasara ya miezi ya mwanzo, huo nauona haujaanza.

Jibu la pili ni sheria yenyewe ilivyoandikwa. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ile yenye makao Victoria kule Shelisheli na ambayo Kenya na Tanzania zote ni wanachama, mwaka 2019 iliandika kwenye azimio lake kwamba ifikapo 2023 majarife yategwe mita mbili chini ya maji. Ukisoma hapo unafurahi. Ukiendelea kusoma unakuta azimio linahusu vyombo vya mita 24 kwenda juu, na vile vidogo vinavyovua nje ya maji ya nchi yake. Boti zetu nyingi hazifiki hata mita 12 na zinavua humu humu ndani. Maana yake kanuni imepita juu ya vichwa vyetu, na kama tunaitaka huku kwetu lazima tuiandike wenyewe kwenye laisensi za uvuvi, Bara, Zanzibar na Kenya. Hakuna wa kutuandikia.

Kuna na jambo la soko ambalo naona halizungumzwi. Angalia kasa na meli za kamba, wale wa kuliwa. Meli ya kukokota inaburuta wavu chini, inafuata kamba wa kuliwa, lakini inazoa kila kitu, na uvuvi wa kukokota chini ndo unaoongoza duniani kwa samaki wanaovuliwa halafu wakatupwa, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2019 walikadiria tani milioni 9.1 zinatupwa kila mwaka kwa jumla na karibu nusu zinatoka kwenye uvuvi huo. Dawa ya kasa hapo ilitoka kwa mvuvi, Mmarekani mmoja wa Georgia anaitwa Sinkey Boone, miaka ya sitini alichoka na wavu wake kujaa viwavi vya baharini akaweka chanja ya vyuma iliyolala kwa mshazari ndani ya wavu, kamba wanapita katikati ya vyuma wanakwenda mwisho wa mfuko, mzigo mkubwa unagonga chanja unateleza unatokea kwenye mlango. Hakuwa akifikiria kasa kabisa, alikuwa anaokoa kazi yake. Baadaye ikaonekana kasa naye anatoka, chanja zikaboreshwa, na mwaka 1989 Marekani ikatunga sheria kwamba nchi inayotaka kuwauzia kamba wa baharini ionyeshe inawalinda kasa. Nchi nyingi zikafunga chanja, mnunuzi kasema.

Ghuba ya Ungwana kule Kenya wanaijua hii hadithi vizuri. Wavuvi wadogo walilalamika miaka na miaka, meli zinawachania nyavu, zinaua kasa, zinatupa samaki wadogo ambao wao ndo wangekula, mpaka 2006 serikali ikazisimamisha. Ziliporudi 2011 zilirudi na masharti, zikae mbali ya maili 3 na wavu uwe na mlango wa kasa. Bila kelele za watu wa Ngomeni na Kipini sidhani kama hata hayo yangepatikana.

Lakini jodari wetu wa jarife anauzwa wapi? Darajani. Feri. Kongowea. Analiwa na mimi na wewe, wa kukaanga, wa mchuzi, anakwenda hotelini. Hakuna mnunuzi wa nje atakayekuja kusema sinunui mpaka ushushe wavu. Mnunuzi ni sisi, na sisi hatujawahi kuuliza chochote zaidi ya bei. Naamini hoteli za Nungwi na Diani zinazowatangazia wageni pomboo na kasa kwenye matangazo yao zina uwezo wa kuwaambia wanaowaletea samaki kwamba boti iliyoshusha jarife tutailipa kidogo zaidi kwa kilo, kesho tu, bila kusubiri bunge.

Nahodha wangu yule nilipomgusia haya mara ya kwanza alinijibu kama wanavyojibu wavuvi wote, na meli kubwa je? Ana haki ya kuuliza. Meli za jodari za kuzungushia zinatumia maboya yanayoelea, na kwa miaka mingi chini yake vilining'inizwa vipande vya nyavu ili samaki wajikusanye, na utafiti wa 2013 ulikadiria kwamba papa wa aina moja tu, yule mwenye ngozi laini, walikuwa wanakufa kwenye vile vipande kati ya 480,000 na 960,000 kila mwaka Bahari ya Hindi. Baada ya hapo vipande vya kunasa vikakatazwa. Februari 2023 kamisheni ilikutana Mombasa, ikapitisha kwa kura kwamba maboya hayo yapumzishwe siku 72 kila mwaka, watu wakashangilia, halafu pingamizi zikaanza kuingia, Umoja wa Ulaya ukiwemo, mpaka azimio likakosa nguvu ya kumfunga mtu yeyote. Kwa hiyo mzee wangu hakosei kuona kwamba mkubwa anapewa nafasi ya kukataa na mdogo anapewa faini. Hilo linanikasirisha na mimi. Ila pomboo wa Menai hawauliwi na meli za Ulaya, wanauliwa na majarife ya huku, na kamba ya maboya ni kitu kilicho mikononi mwetu.

Na hapa niseme kitu kuhusu hili neno wanalolitumia watafiti, samaki wasiokusudiwa, yaani wanaoingia wavuni bila kutegewa. Kwetu halikai vizuri. Papa akiingia kwenye jarife baharia anashukuru, anakaushwa, analiwa, na samaki taa vilevile. Mexico walijaribu kufunga taa ndogo za kijani kwenye nyavu, papa na samaki taa wakapungua kwa asilimia 95 na muda wa kuvuta wavu ukapungua sana, na watu wakasifu, na ni jambo zuri kwa Mexico, lakini huku ukimwambia baharia umemletea kifaa cha kumfukuzia papa atakuona umekuja kumnyang'anya. Suala la papa wetu kuisha ni zito na linataka mazungumzo yake. Mimi hapa nazungumzia kasa, pomboo na nguva, ambao sheria imewakataza na wavuvi wengi wenyewe hawawataki kwenye wavu, wanachana tu nyuzi.

Sheria kuwakataza imeleta na shida yake. Ukija diko na kasa kwenye boti ni kosa, hata kama alikufa mwenyewe usiku. Basi mtu anafanyaje? Anamtupa hukohuko, hakuna anayejua, hakuna anayeandika, na mwisho wa mwaka kwenye ripoti panaandikwa sifuri. Mji wa Watamu kule Kenya wamelishughulikia vizuri kwa zaidi ya miaka 20, mvuvi akinasa kasa anapiga simu, watu wa uhifadhi wanakuja, kasa anapimwa, anawekwa alama, anarudishwa baharini au anatibiwa, na mvuvi anapewa kitu kidogo kwa muda wake. Simu ile haileti polisi. Ndo maana wanapiga, na ndo maana Watamu wana takwimu za kasa ambazo sehemu nyingi za pwani yetu hazina.

Kwa wanaosema Afrika haiwezekani, Namibia ipo. Kule tatizo lilikuwa ndege, albatrosi na jamaa zake, wanafuata chambo kwenye ndoano za meli wanazamishwa nazo. Wakaleta kamba zenye riboni zinazopeperuka nyuma ya meli kuwatisha, 2015 ikawa sheria, wakaguzi wakapandishwa melini, na kamba zenyewe zikawa zinatengenezwa na kikundi cha kinamama wa Walvis Bay, Meme Itumbapo, wanauza kwa meli wanapata riziki. Kati ya 2009 na 2018 vifo vya ndege kwenye uvuvi wa ndoano vikashuka kwa asilimia 98. Mimi nikiangalia pale naona kinamama wa Kojani na Nungwi wanaoweza kufunga kamba za maboya kwa malipo, maana kushona nyavu huku hakujaanza jana.

Ninachokitaka basi ni kidogo sana na kinafanyika msimu mmoja. Zichaguliwe boti kumi au ishirini kwenye madiko mawili matatu, wapewe kamba bure, nusu ya wavu ishushwe na nusu ibaki juu ili walinganishe wenyewe kwa macho yao, nahodha aandike kinachoingia bila kuogopa kushtakiwa, na wizara itenge fungu la kufidia mabaharia kama jodari watapungua. Matokeo yatangazwe pale pale diko, mbele ya kamati za wavuvi na BMU, vile vikundi vya kusimamia fukwe, kabla ya kupelekwa kwenye mkutano wowote wa hoteli. Yakikubali, ndo iandikwe kwenye laisensi.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule nahodha. Nilimkuta chini ya mkungu anaziba wavu, nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza habari ya mita mbili. Akaweka sindano chini, akanyoosha mikono yote miwili kupima, akaongeza kiganja. "Pima moja na shubiri," akasema. "Hiyo tu?" Nikamwambia hiyo tu. Akafikiria. Akaniuliza jodari watapungua kiasi gani, nikamwambia ukweli, pengine kidogo. Akaniuliza kama nimeshamwambia tajiri maana boti si yake.

Tajiri nilimpata jioni dukani kwake. Alinisikiliza vizuri, akaniletea na soda, akasema kamba si tatizo, kamba anazo stoo. "Ila nionyeshe boti moja tu ya huku kwetu iliyotega hivyo ikarudi na jodari. Moja tu, kesho nafunga zangu zote." Sikuwa nayo ya kumwonyesha. Boti zake mbili zilitoka magharibi ile, majarife yamefungwa juu kama siku zote.